Hema la Mwenyeji Chini ya Mlima Meru

Alfajiri ya siku yoyote ya kiangazi, kabla jua halijaufikia Mnara wa Saa, magari ya safari hutoka mjini Arusha yakiwa yamepakizwa mahema yaliyokunjwa, vigingi, magodoro, masufuria na mitungi ya gesi, na ndani yake wameketi vijana wetu, wapishi, wapagazi na waongoza watalii, wajuao kulisimamisha hema gizani, katika upepo na mvua, upesi kuliko mtu mwingine awezavyo kulitoa katika mfuko wake. Ustadi huo ni riziki ya nyumba nyingi toka Ngaramtoni hadi Usa River, nami nauheshimu. Walakini watakaolala ndani ya mahema hayo aghalabu ni wageni waliovuka bahari kuja kuutafuta usiku wa Afrika, ilhali mkazi wa Arusha, auonaye Mlima Meru kila afunguapo dirisha, aweza kuzaliwa, kusoma, kuoa, kulea na kuzeeka chini ya mlima huo pasipo kulala katika msitu wake hata usiku mmoja kwa hiari na kwa furaha yake. Jambo hili linanisikitisha, wala siamini kuwa ni lazima lidumu. Ninadai ya kuwa kambi ndogo za mahema zilizomo katika misitu yetu ya hifadhi, zile zisizo na kitu ila uwanja wa majani, choo, maji kidogo na banda la kupikia, ni mali ya umma yenye thamani kubwa kuliko tunavyoidhania. Ya kuwa mwenye haki ya kwanza ya kuzitumia ni mwenyeji. Na ya kuwa zinapaswa kulindwa zibaki ndogo na sahili, zisiachwe zikaoza kwa kupuuzwa, wala zisipambwe hata zikageuka kuwa kitu kingine.

Turubai lenyewe si geni kwetu. Husimamishwa uani siku ya msiba, majirani wakaketi chini yake kuwafariji wafiwa; husimamishwa siku ya harusi, likapambwa vitambaa na taa; huonekana penye mkutano wa siasa na penye mkutano wa injili, na penye mafuriko ambapo watu wamepoteza maskani yao. Labda ndiyo sababu wazee wetu hustaajabu wasikiapo kwamba mtu mwenye nyumba ya matofali na bati amekwenda kulala hemani bila kufiwa, bila kuoza binti na bila kufukuzwa na maji. Lakini tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba kulala hemani njiani kulikuwa desturi ya watu wetu zamani kabla mtalii wa kwanza hajaonekana. Misafara ya pembe iliyoondoka Pangani ikafuata mto na milima ya Upare kuja pande hizi ilipiga kambi kila jioni, na miongoni mwa wakuu wake alikuwa Jumbe Kimemeta, ambaye alizijua njia za Umasaini kiasi cha kutegemewa na msafiri Mskoti Joseph Thomson katika safari yake ya mwaka 1883, na baadaye na Teleki, Mhungaria aliyeondoka pwani mwaka 1887 na kufika hapa Meru kabla ya kuendelea kaskazini. Watu wa misafara ile walikuwa na elimu kamili ya kuchagua mahali pa kulala: maji yawe karibu lakini si miguuni, ardhi iwe imara, kuni zipatikane, na upepo ujulikane utokako. Elimu hiyo haikufa; imo mikononi mwa wapagazi wetu, nao huitumia kwa manufaa ya wengine.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi utafika Tengeru kwa mwendo wa kilomita kumi na kidogo, na kama ni Jumatano au Jumamosi utakuta soko kubwa limejaa ndizi, maparachichi, viazi na maharage, ambapo mtu aweza kununua chakula chake chote cha kambini kwa fedha ndogo. Hatua chache kutoka kwenye kelele za soko hilo, nyuma ya mashamba na migomba, liko Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozaliwa kwa moto wa ardhi, lisilo na mto uonekanao ukiliingia kwa kuwa hulishwa na maji ya chini. Limezungukwa na pete nyembamba ya msitu wa asili ambao Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania unautunza, msitu wa hekta zisizofika 20. Mtu aweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja, naye akiwa hana haraka atamwona furukombe akiwa kileleni pa mti akiyatazama maji, mdiria akipiga mbizi, mnandi akianika mbawa zake, na kenge wakubwa wakiota jua juu ya magogo kando ya njia. Katika ukingo wa ziwa hilo inawezekana kulala hemani. Na sijui mji mwingine wa Tanzania wenye ukubwa wa Arusha ambao wakazi wake wanaweza kutoka kazini jioni ya Ijumaa kwa daladala na kabla ya giza wakawa wamekaa mbele ya hema lao, msituni, kando ya ziwa la kreta.

Nitaje kwa kupita kwamba nchi ya Tengeru imewahi kuhifadhi watu waliolala ugenini kwa dhiki na si kwa starehe. Tangu mwaka 1942 walifikishwa hapa wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia, wakapitia Uajemi, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Walifika kama 5,000, wakajengewa vibanda vya mviringo vya kuezekwa nyasi, wakawa na shule, kanisa na mashamba, na wengine walibaki miaka mingi baada ya vita kwisha. Makaburi yao yangaliko, yametunzwa vizuri. Mtu apigaye kambi Duluti akiwa na watoto asikose kuwapeleka pale, wajue kwamba ardhi hii iliwasitiri watu waliokuwa hawana mahali pengine.

Kambi za pili ni zile za Momella na pande zake, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, kreta yenye misitu ambayo mtu huitazama toka ukingoni tu. Baadaye maziwa ya Momella yakaongezwa, kisha mwaka 1967 kreta ya Meru yenyewe, na jina likawa hili tulijualo. Mlima wenyewe una mita 4,566, na ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukamwaga mawe na udongo mbali sana bondeni. Vilima vingi vidogo vidogo vizungukavyo Momella ni mabonge ya mlima ule ulioanguka, na maziwa yamekaa katika mashimo yaliyobaki kati yake. Kwa hiyo mtu anayekita vigingi vya hema lake pale huvikita katika kifusi cha mlima, na akiinua macho jioni, mawingu yakijifungua, huliona jengo la kreta likiwa wazi mbele yake mithili ya nyumba iliyobomoka ukuta mmoja, na ndani yake koni ya majivu imesimama peke yake.

Jua hutua upesi katika nchi yetu. Saa kumi na mbili na nusu ungali ukiosha mboga kwa nuru ya mchana; saa moja na nusu giza limekamilika, na mtu aliyezoea taa za mjini hugundua kwa mara ya kwanza jinsi nyota zilivyo nyingi. Nakumbuka usiku mmoja wa Julai tuliolala pale mimi na mke wangu na watoto, ukungu ukishuka toka mlimani, moto ukiwaka katika jiko la mawe la kambi. Mara sauti ya kutisha ilitoka mitini, kama mlango mzito wenye bawaba kavu unaofunguliwa polepole, ikapanda, ikawa kilio, kikafuatwa na kilio kingine ng'ambo ya uwanja. Binti yangu alinishika mkono akaniuliza ni nani anayelia. Mzee mmoja askari wa hifadhi, ambaye watoto walikuwa wamekwisha kumwamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba kwa upole mkubwa, alicheka kidogo akamwambia, “Huyo ni perere, mjukuu wangu. Mwenyewe si mkubwa kuliko sungura.” Kisha akaketi, akatusimulia jinsi perere aishivyo katika tundu la mti, jinsi jamaa yake pimbi aishivyo katika mawe, na jinsi mbega watakavyoimba alfajiri kabla jua halijatoka. Nao waliimba, kwa ile ngurumo yao nzito inayopokezana toka mti hata mti mpaka bonde zima linatetema. Binti yangu, aliyekuwa akiona mbega katika picha za kalenda tu, alitoka hemani miguu mitupu katika umande ili asikie vizuri.

Mambo ya namna hii hayafundishwi darasani, wala hayapatikani kwa kupita ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Nimewaona wakazi wa mji wakiingia hifadhini saa nne asubuhi na kutoka saa tisa, wamepiga picha za twiga na za heroe katika maziwa, wakarudi nyumbani wakisema wameimaliza Momella. Siwalaumu, kwani hata hilo ni jema. Lakini mchana ni nusu tu ya msitu, na pengine ni ile nusu ndogo. Msitu hufanya kazi zake nyingi usiku, na mtu asiyelala ndani yake hajafahamiana nao.

Naomba radhi kwa msomaji apendaye fikra tupu, maana nataka kusema maneno kidogo ya kazi, kwa kuwa najua watu wengi hawaendi kwa kutojua waanze vipi. Hema si lazima linunuliwe. Mjini Arusha mahema hukodishwa, na mafundi wa turubai wako. Kabla ya kulisimamisha, tazama juu kwanza kabla ya kutazama chini, kwani tawi kavu la mkuyu halipigi hodi. Kisha tazama chini: ukiona mstari mweusi wa siafu ukipita, hama, hata kama mahali ni pazuri namna gani, kwa sababu siafu hawahami kwa ajili yako. Chakula kisilale ndani ya hema, maana nyani na tumbili hujua kufungua zipu, au kama hawajui hupasua. Chagua mwinuko kidogo, ili mvua ya ghafla isifanye godoro lako kuwa kisiwa. Epuka masika, toka Machi hata Mei, isipokuwa una moyo wa subira. Na katika Juni na Julai, ambapo baridi ya Meru hukaza, chukua blanketi la pili na uweke kitu kati ya mwili na ardhi, kwani baridi ya ardhi ina nguvu kuliko ya hewa.

Na juu ya maji sharti niseme kwa mkazo. Maji ya mlima huu, kwa kupita katika mawe ya volkano, yamebeba madini ya floraidi, na upande wa Momella na Ngare Nanyuki madini hayo yamezidi sana. Shirika la Afya Duniani lilishauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya pande hizo yanapita kiasi hicho mara kadhaa, na ushahidi wake umo katika meno ya kahawia ya watu wa huko na, kwa wengine, katika miguu ya watoto iliyopinda. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi ya miaka mingi kuyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa, kazi ya heri isiyosifiwa vya kutosha. Mpiga kambi wa usiku mmoja hatadhurika kwa kikombe kimoja, lakini na aje na maji yake ya kunywa. Na akiwa amekaa pale akinywa maji aliyoyabeba toka mjini, na akumbuke jirani yake wa Ngare Nanyuki asiyeweza kufanya hivyo kila siku.

Sasa nije katika pingamizi ninazozisikia. Ya kwanza ni hofu ya wanyama. Hofu hii ina msingi: katika Hifadhi ya Arusha wako nyati wengi, wako tembo na chui, na ndiyo sababu apandaye mlima hufuatana na askari mwenye bunduki. Lakini kambi zina walinzi na zina kanuni, na mtu asiyetangatanga usiku, asiyewatupia wanyama chakula, na amulikaye tochi kabla ya kwenda chooni, yumo katika hatari ndogo kuliko ile anayoikabili kila jioni akivuka barabara kuu ya Moshi. Ya pili ni gharama. Hapa sharti tuseme kweli kwamba kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mgeni wa nje; kinachowakwamisha wengi ni usafiri ndani ya hifadhi, wala si lango. Duluti haina hata udhia huo. Ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni ile fikra kwamba mambo haya ni ya wazungu. Fikra hii ina historia, nami sitaidharau.

Nchi hii ya chini ya Meru ilichukuliwa kipande kwa kipande. Wajerumani waliweka mpaka wa msitu juu ya vijiji na mashamba ya walowezi chini yake, na Wameru na Waarusha wakabanwa katikati, katika migomba yao. Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, ili wapewe nafasi wafugaji wa kizungu. Wameru hawakushika mikuki. Walimtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akiwa na wakili Earle Seaton, akaitaja dhuluma ile kwa jina lake. Ardhi ile haiko mbali na Momella, ni majirani. Na huko huko Momella, muda mfupi baadaye, mwigizaji John Wayne na wenzake walikuja kupiga filamu ya Hatari!, na dunia ikaujua uwanda wetu kama mahali pa mzungu kufukuza vifaru kwa gari. Basi mtu akiniambia kwamba kulala msituni kwa raha kunanuka ukoloni, nitamjibu kwamba harufu hiyo naijua, lakini dawa yake si kuwaachia msitu wale wale. Mjukuu wa mtu aliyefukuzwa Ngare Nanyuki ana haki ya kulala chini ya mtarakwa wa Meru, akalipa shilingi zake, akaamshwa na mbega, na asiulizwe na yeyote amefuata nini.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Arusha, alitoa tamko la kuyakubali mapori na wanyama wa nchi kuwa dhamana ya taifa. Tamko hilo limenukuliwa mara nyingi mno na wenye hoteli na wenye hifadhi. Mimi hulisoma kwa namna moja: dhamana huwa ya mtu, na mwenye dhamana asiyeingia katika nyumba aliyokabidhiwa hataijua ikivuja.

Maji ya mlima huu ni sehemu ya dhamana hiyo. Themi, Nduruma, Tengeru na Usa hushuka toka msitu wa Meru, hukutana katika Kikuletwa, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huzalisha umeme njiani, kisha huishia baharini Pangani, pale pale misafara ya Jumbe Kimemeta ilipoanzia. Msitu ukikatwa juu, mkulima wa Kikuletwa na mvuvi wa Pangani watajua. Watu wanaolala msituni huona kisiki kipya, husikia shoka usiku, hupeleka habari. Kambi ndogo iliyo hai ni jicho la msitu, na katika nchi yenye askari wachache wa misitu jicho hilo si haba.

Kwa nini basi nasisitiza udogo na usahili? Kwa sababu naona mwelekeo mwingine. Kila mahali pazuri pajulikanapo, mara huja wazo la kupatengeneza: mahema yenye vitanda vya mninga na bafu za maji moto, sakafu za mbao, jenereta, ukumbi wa sherehe, vipaza sauti. Sina ugomvi na biashara ya anasa ikiwa mahali pake, nayo huajiri watu. Lakini uwanja wa kambi wa umma ukibadilishwa hivyo, kwanza bei hupanda hata mwalimu na muuguzi wasiimudu. Pili giza huondoka, kimya huondoka, na mbega huhama. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, watu huacha kufanya lolote kwa mikono yao. Katika kambi sahili daktari na dereva wote huchota maji kwa ndoo ile ile, wote hufuta masizi ya sufuria kwa majivu, wote huazimana kiberiti, na jioni wakakaribishana ugali. Mjini Arusha, ambako mitaa imeanza kugawanyika kwa kuta na mageti, sijui mahali pengine pengi ambapo watu wa hali mbalimbali hukaa chini pamoja namna hiyo.

Usahili, hata hivyo, si uchafu. Choo cha shimo kilichojengwa vema, chenye bomba la kutolea hewa na mlango unaofungwa, ni bora kuliko choo cha vigae kisicho na maji. Kambi isiyosafishwa humfukuza mwenyeji kabla ya mgeni, maana mgeni huja na wapishi na wabeba choo cha kubebeka, bali mwenyeji huja peke yake na mkewe na watoto.

Wenzetu wa Marekani wana mfano unaofaa kutazamwa, ingawa nchi yao ni tajiri. Idara yao ya misitu iliundwa mwaka 1905, na leo katika misitu yao ya taifa zimetapakaa kambi ndogo zisizo na umeme, zenye meza ya mbao, pete ya chuma ya kuwashia moto na choo cha shimo. Katika nyingi hakuna mtu langoni, raia huweka ada yake katika bahasha, akaitia katika sanduku la chuma, akaenda kulala. Nyingi kati ya kambi hizo zilijengwa katika miaka ya shida kubwa, kati ya 1933 na 1942, na vijana wasio na kazi walioandikishwa na serikali ya Rais Roosevelt, wakalishwa, wakalipwa, wakapanda miti na kuchonga njia. Sisi tunalo Jeshi la Kujenga Taifa tangu Julai 1963, na kambi yake mojawapo iko Oljoro, karibu kabisa na mji. Vijana wa Oljoro wanajua kufyatua matofali, kuchimba, kuezeka na kulala hemani. Ningependa kuona Wakala wa Misitu na jeshi hilo wakikubaliana, na katika msimu mmoja wa kiangazi wakajenga viwanja vichache vya kambi katika ukingo wa msitu wa Meru, karibu na vijiji, kila kimoja kikiwa cha mahema machache tu, chenye choo, banda na tangi la maji ya mvua. Mlinzi awe mtu wa kijiji kile kile, na sehemu ya ada ibaki kijijini, ili mama aliyezuiwa kuokota kuni katika msitu ule aone nini msitu unamrudishia.

Na wa kwanza kulala pale wawe watoto wa shule. Shule za msingi za Tengeru, Usa River, Sakina na Kijenge ziko mwendo mfupi toka msitu wa Duluti au wa Meru, lakini mtoto aweza kumaliza darasa la saba akijua kuchora ramani ya Mlima Meru kwenye daftari na asijue harufu ya ardhi yake usiku. Mwalimu mmoja, mzazi wa kujitolea, askari wa misitu, sufuria ya makande, mahema ya kukodi ya watoto wanane wanane: gharama yake haizidi ile ya sherehe ya mahafali, nayo kamati za shule zinazijua njia za kuchangisha. Wakati wake ni likizo ya Juni. Wakuu wa shule waandike barua kwa mhifadhi mapema, kabla nafasi hazijachukuliwa na magari yatokayo Mnara wa Saa. Na wazazi wajulishwe kwamba kila mtoto aje na mablanketi mawili, tochi, kikombe na chupa ya maji ya kunywa.